Kabla Hujamwachia Fundi Kitabu: Kuagiza Kazi ya Kujalidi na Kukarabati Vitabu Kampala

"Daftari la wageni limemwaga kurasa kabla keki haijakatwa, nimdai nani?" "Msahafu wa babu umeachia mgongo, gundi ya seremala itafaa?" "Fundi anasema atanijalidia vitabu kumi kwa siku moja, nimwamini?" Maswali haya yananifikia kila mwezi, na mara nyingi anayeuliza ameshalipa. Nimechoka kuyajibu moja moja kwa simu, basi nayaweka hapa kwa pamoja.

Mimi si fundi. Natunza kabati la vitabu la madrasa moja hapa mjini, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishuka Nasser Road, mtaa wa wachapaji, na begi la vitabu vilivyochoka, vingine vyetu, vingine vya majirani waliosikia kwamba "yule anajua mafundi". Haya ni maneno ya mteja aliyekwishaumia mfukoni.

Neno linaloleta ugomvi

Ugomvi mwingi unatoka kwenye neno lenyewe: kujalidi. Ukimwambia fundi "nijalidie hiki", yeye anaweza kusikia kazi yoyote kati ya tatu, na zote tatu ni kujalidi.

Ya kwanza ni gundi. Karatasi moja moja zinapangwa, mgongo unapakwa gundi, jalada linavishwa. Ni haraka na rahisi, na kwa kitabu kisichofunguliwa sana inatosha. Ya pili ni kutoboa pembeni: matundu yanapigwa karibu na mgongo na uzi au waya unapitishwa kutoka juu hadi chini. Hii ina nguvu sana, lakini kitabu hakilali wazi mezani, na maneno yaliyo karibu na mgongo yanamezwa. Ya tatu ni kushona kwenye mkunjo. Karatasi zinakunjwa katikati, zinapangwa kwa vitita vya nne au tano, kila kitita kinashonwa kwenye mkunjo wake na kuunganishwa na mwenzake kwa uzi huohuo. Kitabu cha namna hii hufunguka vizuri na kinaweza kujalidiwa tena baada ya miaka mingi. Ndiyo inayokula muda wa fundi, na ndiyo ghali.

Mteja anafikiria ya tatu, analipa bei ya kwanza, kisha analalamika. Fundi naye hakudanganya. Alisikia "kujalidi".

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

Kitabu chenyewe, na kila kipande kilichong'oka kikiwa ndani ya bahasha. Usitupe hata kona ya jalada la zamani. Fundi mzuri anaweza kuirudisha.

Picha za simu: jalada mbele na nyuma, mgongo, kurasa zilizochanika, na ukurasa wowote wenye mhuri au mwandiko wa mtu. Piga kabla, si baada.

Rula. Sampuli ya rangi, hata kama ni kipande cha kitambaa cha gauni la bibi harusi. Maneno ya jalada yakiwa yameandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, si ya kutamkwa mdomoni. Kalamu ya risasi. Pesa ya arubuni.

Tena muda. Mahafali ya Chuo Kikuu cha Makerere yanapokaribia, mafundi wa Wandegeya, mtaa ulio jirani na chuo, hawainui kichwa kwa ajili ya tasnifu za wanafunzi. Mwisho wa mwaka Nasser Road yote ni kalenda na shajara, na msimu wa uchaguzi ni mabango matupu. Kazi ya kushona kwa mkono ikiingia katikati ya hayo, au itacheleweshwa, au itafanywa na kijana ambaye jana alikuwa anabeba rimu.

Hatua

1. Kichunguze kitabu mwenyewe. Kifungue katikati, uangalie ndani kabisa kwenye bonde la kurasa mbili. Ukiona uzi kila baada ya karatasi chache, kimeshonwa, na yawezekana tatizo ni jalada tu. Ukiona gundi iliyokauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi, kilikuwa cha gundi. Hesabu kurasa na uandike zinazokosekana. Kisha kinuse. Harufu ya ukungu, unga wa kijani au mweusi, matundu madogo ya wadudu, vyote mwambie fundi kabla hajakiweka karibu na vitabu vya watu wengine.

Kitabu chenye unyevu usikipeleke. Kisimamishe kikiwa wazi kidogo mahali penye upepo na kivuli, si juani, mpaka kikauke kabisa, ndipo upanguse ukungu kwa brashi laini ukiwa nje ya nyumba na umefunika pua. Kwa wadudu, kifunge vizuri kwenye mfuko wa plastiki, ukiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka kirudi kwenye joto la chumba, la sivyo kitatoka jasho.

2. Amua unataka kukitumia au kukihifadhi. Watu wengi huruka hapa. Daftari la hesabu la duka ni la kutumika: lijalidiwe upya, liwe gumu, basi. Lakini kitabu cha zamani chenye sahihi ya marehemu, au toleo lisilopatikana tena, jalada lake bovu ni sehemu ya thamani yake. Kwa kitabu cha aina hiyo mimi humwomba fundi anitengenezee kasha la kadibodi ngumu lenye vipimo vyake, nikiacha kitabu kama kilivyo. Inagharimu kidogo kuliko kujalidi upya na haiharibu kitu.

Na si wazo geni hapa Uganda. Biblia ya Kiganda ilipotoka nzima mwaka 1896, kulikuwa na nakala zilizochapishwa nyembamba kwa upana na nene kwa kimo ili zitoshee kwenye mkebe wa biskuti, mchwa na mende wasizifikie. Mkebe ulifanya kazi ambayo jalada lisingeweza.

3. Tafuta fundi, si dalali. Nasser Road na jirani yake Nkrumah Road, kazi moja hupita mikono mingi: huyu anachapa, yule anakata, wa tatu anakunja, wa nne anavisha jalada. Anayekupokea mlangoni kwa tabasamu, "karibu ssebo, tunafanya kila kitu", huenda hana hata sindano. Si mwizi, ni dalali, lakini maagizo yako yatapungua neno moja kila yanapopokezanwa. Omba kumwona atakayeshona. Ukiambiwa yupo "huko nyuma", nenda huko nyuma.

Ukimpata, mwombe akuonyeshe kazi iliyokwisha, hasa ambayo imeshatumika mwaka mmoja au miwili. Ifungue sehemu tatu. Mgongo usilie. Vitita visicheze. Jalada likifunguliwa, karatasi nene ya ndani inayoliunganisha na kurasa, mimi huiita bitana, isiwe na mapovu wala mikunjo. Kisha uliza: unatumia gundi gani? Uzi gani? Kitabu kikiharibika miaka 20 ijayo, kitafunguka bila kuchanika? Fundi anayeipenda kazi yake atakujibu mpaka uchoke. Asiyejua atabadilisha mazungumzo yawe ya bei.

Mara ya kwanza mpe kazi ndogo isiyouma. Daftari moja. Msahafu wa babu usubiri.

4. Andika agizo. Hata kama fundi ni rafiki, hata kama ni ndugu wa mkeo. Mtumie kwa simu ili libaki kwenye simu zenu wote wawili. Langu huwa hivi:

"Fundi, salamu. Kazi: daftari la wageni 1. Kurasa 200, saizi A4 ya kusimama, karatasi gramu 100, bila mistari. Lishonwe kwenye mkunjo, si gundi peke yake. Jalada gumu, reksini ya kijani kama kipande nilichokuachia. Maneno ya dhahabu mbele tu, kama kwenye picha. Utepe mmoja. Arubuni nusu, nusu nikipokea. Nitakuja Ijumaa ya wiki ijayo saa nane mchana."

Na la ukarabati:

"Msahafu 1, karatasi 302 nimezihesabu. Usikate kingo. Usitumie selotepu. Bitana ya zamani yenye mwandiko ibaki. Jalada la mbele likikutazama, mgongo uko kulia. Usiwekwe chini sakafuni. Vipande vyote vilivyobaki virudi kwangu."

Kila sentensi hapo nimeilipia. Ile ya mgongo kulia ilitokana na misahafu mitatu iliyorudi ikiwa na jina zuri la dhahabu kwenye jalada la nyuma, kwa sababu aliyepiga chapa alizoea vitabu vya kufunguliwa kushoto. Ile ya kingo ilitokana na kitabu cha fiqhi cha mwalimu wetu wa zamani. Alikuwa akiandika pembeni mwa kurasa kwa wino mwembamba, miaka na miaka. Fundi, kwa nia njema kabisa, alitaka kitabu kirudi kinang'aa. Akakipitisha kwenye giloti, mashine ya kukatia karatasi. Milimita nne upande wa nje, na kila mstari wa mwalimu ukapoteza neno lake la mwisho. Vipande nilivyoviomba vilikuwa vimeshazolewa na taka za asubuhi.

Kwa hiyo: kama kitabu kina mwandiko pembeni, neno "usikate" liandikwe, litamkwe, na lichorwe kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi uliyoifunga juu ya kitabu. Karatasi ikishakatwa, hakuna fundi wa kuirefusha.

5. Kubaliana vifaa. Reksini, kitambaa kilichopakwa utando kifanane na ngozi, ndiyo ya kawaida: inafutika, haiogopi chai, inapokea dhahabu vizuri. Ngozi ni nzuri ila ya viatu ni nene mno. Lazima ichongwe kingoni ili ikunjike juu ya kadibodi, na si kila fundi ana kisu na mkono wa kazi hiyo. Olubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho ufundi wa kukitengeneza UNESCO imeuweka kwenye orodha yake ya urithi tangu 2008, kinapendwa sana kwa albamu na madaftari ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba ukweni. Kinapendeza kweli. Lakini kinafyonza gundi na kuacha mabaka usoni, kwa hiyo mwombe fundi akibandike kwanza karatasi nyembamba nyuma, kikauke, ndipo akivishe kwenye kadibodi. Akisema haina haja, mwachie atengeneze kipande cha kiganja mkitazame pamoja.

Kuhusu karatasi, jambo moja tu la nadharia. Kila karatasi ina mkondo wa nyuzi zake. Ipinde taratibu bila kuibana, kwanza kwa urefu kisha kwa upana: upande mmoja unakubali, mwingine unagoma. Mkunjo unaokubali ndio uelekee sambamba na mgongo. Rimu nyingi za A4 za fotokopi zina mkondo wa kwenda na urefu, kwa hiyo ukizikunja katikati kupata daftari la A5 mkondo unakuwa umelala vibaya, na daftari litakuwa linajifunga lenyewe kila ukiliachia. Dawa ni fundi kukata kutoka karatasi kubwa. Kwa daftari la kawaida si dhambi. Kwa la harusi, sisitiza.

Makadirio ya haraka: karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita, hivyo kurasa 200, yaani karatasi 100, ni sentimita moja hivi. Chini ya hapo, usitake maneno mgongoni. Hayatasomeka.

6. Bei na arubuni. Usiulize "kujalidi ni bei gani?" Uliza kushona kiasi gani, jalada kiasi gani, dhahabu kiasi gani. Mkitenganisha hivyo, mnaweza kupunguza mahali pasipouma: toa dhahabu ya mgongoni, badilisha ngozi kwa reksini, lakini usipunguze kushona. Ukimkaba fundi mpaka akubali bei isiyolipa muda wake, atakubali, na uzi utageuka gundi.

Arubuni isizidi nusu, isipokuwa pale kifaa ni cha kununuliwa maalumu, kwa mfano ngozi. Hapo lipia kifaa chote na uone risiti. Tuma kwa mobile money hata kama mmekaa pamoja, ili kumbukumbu ibaki.

7. Thibitisha maneno kabla ya dhahabu. Dhahabu hupigwa kwa moto, na ikishapigwa imepigwa. Mwombe fundi apange herufi kisha akutumie picha, na uisome kinyumenyume, herufi kwa herufi, kuanzia mwisho. Majina ya Kiganda yenye konsonanti mbili, Ssali, Nnalongo, Kkonde, ndiyo huangusha watu wengi. Tarehe nazo.

8. Pokea kwa utulivu. Usichukue kazi gizani saa moja jioni huku boda inakungoja. Ifungue mwanzo, katikati, mwisho. Hesabu kurasa. Angalia mpangilio, maana kitita kilichoshonwa juu chini si kioja. Shika kurasa zote kwa mkono mmoja, uachie jalada lining'inie sekunde chache: bitana isiachie. Ukiridhika, malizia malipo hapohapo. Fundi aliyezungushwa nusu ya mwisho hatakuweka mbele ya foleni tena.

Nyumbani, kilaze chini ya vitabu vizito siku mbili kabla hujakitumia, hasa Aprili au Novemba ambapo hewa yenyewe imelowa. Gundi iliyokauka kwa kugusa bado haijakauka ndani.

Mambo ya kutofanya

Usitangulie kumsaidia fundi kwa selotepu. Hugeuka njano, gundi yake huzama kwenye karatasi, na kuiondoa ni kazi kuliko mchaniko wenyewe. Usitumie stepla; pini hushika kutu. Gundi nyeupe ya seremala ni nguvu nyingi, lakini ikishaingia kwenye karatasi ya zamani haitoki. Kwa michaniko ya kurasa fundi anayejua hutumia uji mwepesi wa unga wa ngano na karatasi nyembamba, kwa sababu maji kidogo yanaweza kuufungua tena.

Usimpe fundi hati ya ardhi, pasipoti au cheti "akirekebishe". Ofisi iliyotoa ndiyo inayobadilisha. Nasser Road ina sifa mbaya ya kughushi karatasi za serikali, na hutaki kuonekana pale na hati yenye gundi mbichi. Wala usishangae fundi akikataa kujalidi fotokopi ya kitabu kizima cha dukani. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 inamhusu yeye pia.

Ikiwa mambo yameharibika

Jalada limepinda kama kigae. Ni unyevu, au mkondo wa kadibodi umekwenda kinyume. Weka karatasi kavu zinazofyonza ndani ya jalada, kandamiza siku tatu, ukibadilisha karatasi kila siku. Likirudia, ni mkondo. Lirudishe kwa fundi, kosa ni lake.

Kurasa zinadondoka moja moja. Kilikuwa cha gundi. Acha kuzichomeka kwa gundi ya dukani. Kusanya zote, zipange, na safari hii lipia kutobolewa pembeni ikiwa ukingo wa ndani unazidi sentimita mbili. Ukiwa mwembamba kuliko hapo, maneno yatamezwa. Gundi mpya yenye kitambaa mgongoni ni afadhali.

Jalada limeng'oka lakini kurasa ni imara. Hii ni habari njema. Bawaba tu, pale jalada linapokunjika kando ya mgongo, ndiyo imekatika. Bitana mpya na kitambaa vinatosha, usikubali kulipia kujalidi upya.

Dhahabu inabanduka ukiisugua. Moto ulikuwa mdogo. Inaweza kupigwa tena mahali palepale, ila fundi anahitaji mkono usiotetemeka. Mwambie mapema, kabla herufi alizopanga hazijavunjwa.

Ngozi ya zamani inatoa unga mwekundu mikononi. Imeoza yenyewe kwa umri. Usiipake mafuta ya kupikia wala ya nazi, kama shangazi atakavyoshauri. Yatatia doa kurasa na kuita wadudu. Ifunge kwa kitambaa safi cha pamba na uagize kasha.

Kurasa zimegandana baada ya mvua kuvuja. Usizivute. Karatasi inayong'aa ikikauka imegandana, huwa imekwisha, kwa hiyo ikiwa bado imelowa, ifunge kwenye plastiki uitie kwenye friza, kisha umpigie fundi. Friza inasimamisha wakati.

Fundi hapokei simu. Subiri siku mbili, kisha nenda mwenyewe asubuhi na mapema, kabla kazi za haraka hazijamfikia. Usifoke mbele ya wateja wake. Sema, "Fundi, nimekuja tukae na kitabu changu," uvute kiti. Mara tatu nimefanya hivyo, na mara zote tatu nimeondoka nacho jioni, kimeshonwa, gundi bado ina joto, na maagizo makali ya fundi kwamba nisikifungue mpaka Jumatatu.